Nina mashine tatu za uso, mikunjo bado ipo, na sasa wifi anataka ninunue ya nne

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 46, mama wa watoto wawili, na barua hii naiandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana nikionekana tena na kioo mkononi mume wangu ataanza utani wake. Siku hizi ananiita Fundi Umeme.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka juzi niliona mistari myembamba pembeni mwa macho. Nikicheka inajikunja, hilo silalamikii, lakini sasa hata nikinyamaza ipo. Na ukitazama vizuri, upande wa kushoto umezidi wa kulia. Hilo linaniudhi kuliko yote, kwa sababu kila nikipigwa picha nalazimika kugeuza shingo.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anauza vifaa vya urembo. Ni mtu mwema na amenisitiri mengi katika ndoa hii, kwa hiyo aliponiambia siku hizi hakuna haja ya kliniki, kazi yote inafanyika nyumbani, nilimsikiliza. Nilianza na barakoa ya taa nyekundu. Baadaye nikachukua kile kifaa cha umeme mdogo chenye vichwa viwili vya mviringo, unakipitisha shavuni kuelekea juu. Rola ya sindano sikununua, alinipa ya kwake alipopata mpya.

Vyote nilivitumia. Asubuhi umeme. Mchana barakoa, ambayo huwa naivaa kazini saa ya mapumziko kwa kuwa nina meza yangu peke yangu pale dirishani. Usiku, mara moja kwa wiki, rola, kisha napaka retinoli, ile krimu ya vitamini A, juu yake ili iingie vizuri, kama nilivyoelekezwa. Ile ya umeme naona uso unanyanyuka kweli, ila kesho yake umerudi ulikokuwa. Barakoa sijui niseme nini. Kuna siku naona kitu, kuna siku naona najidanganya. Rola ndiyo iliyonitia hofu. Mashavuni yametoka mabaka na hayaondoki. Mimi ni mweusi wa asili, Shangazi, na mabaka haya ni meusi kuliko mimi.

Nilipomwonyesha wifi akasema ni ngozi inajisafisha, nivumilie, na kwamba ninachokosa ni mashine ya mawimbi ya redio, ile inayopasha ngozi joto mpaka ndani. Anasema imepitishwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na kwa kuwa mimi ni wa nyumbani atanipa kwa mkopo. Mume wangu hajui habari ya mkopo.

Naomba unijibu: vifaa hivi vinafanya kazi au nimetapeliwa? Ninunue hiyo ya nne? Nitamkataliaje wifi bila kuvunja undugu? Kuna pia aliyeniambia nipake krimu ya kukinga jua, mimi nilidhani ni ya watu weupe.

Na jambo dogo la mwisho. Binti yangu wa miaka 17 ana chunusi na amepewa vidonge hospitali. Nimegundua usiku huwa anaichukua barakoa yangu na kuiweka kwenye mwanga wa buluu. Hakuna ubaya?

Ni mimi,
Fundi Umeme

JIBU

Marahaba, mwanangu. Msalimie mumeo. Ana maneno, lakini safari hii hakukosea sana.

Nitaanza na rola, ingawa wewe umeipa mstari mmoja tu. Umeandika kwamba wifi alikupa ya kwake, kana kwamba umeazima kitana. Rola ina mamia ya sindano, na sindano inayotoboa ngozi huweza kufika kwenye damu hata kama hukuiona ikitoka. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili vikiwa hai kwa siku 7 au zaidi, na kuifuta rola kwa spiriti bafuni hakuifanyi iwe safi kama chombo cha hospitali. Simshutumu wifi kwa lolote. Mtu hajui alichobeba mpaka apime, na yawezekana hana chochote. Nenda kapime homa ya ini aina ya B na C pamoja na VVU, mweleze mhudumu sababu bila aibu, naye atakuambia kama unatakiwa kurudia kipimo baadaye. Rola yenyewe usimrithishe mtu mwingine. Itie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko ndipo uitupe.

Sasa mabaka. Hakuna ngozi inayojisafisha kwa kuota weusi. Sindano ilifungua vijitundu, retinoli ikapita humo hadi mahali ambapo isingefika kwa kupakwa tu, ngozi ikaungua na kuvimba kwa ndani. Ngozi nyeusi ikivimba, seli zinazotengeneza rangi huamka na kumwaga rangi kupita kiasi. Ndiyo maana kwetu sisi hata chunusi moja huacha alama muda mrefu baada ya yenyewe kupona. Kila ulivyorudia wiki iliyofuata uliwasha upya moto uliokuwa unataka kuzima, na kuuita uponyaji ni lugha ya biashara.

Kwa hiyo kuanzia leo weka chini kila kitu: rola, umeme, barakoa, na retinoli pia. Osha uso kwa sabuni laini isiyo na chembe za kusugua, paka mafuta au losheni ya kulainisha isiyo na manukato, na asubuhi paka krimu ya kukinga jua, ambayo nitaieleza mbele. Basi. Usikimbilie krimu za kung'arisha ili kufuta mabaka, hasa zile ambazo hazisemi ndani yake kuna nini, kwa sababu nyingine huwa na steroidi, na steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta mikunjo ileile unayoikimbia. Mabaka ya namna hii hufifia kwa miezi, si kwa wiki. Ukiona mahali pameinuka, panawasha au pamekuwa pagumu, usingoje, mwone daktari wa ngozi, maana huenda ni kovu linalokua, na walio weusi tuna hatari zaidi ya makovu hayo.

Rola za nyumbani nyingi zina sindano za kama milimita 0.2 au 0.3. Daktari hutumia za milimita 0.5 hadi 2.5, kwa sababu kolajeni inayoshikilia ngozi iko kwenye tabaka la chini, na ni lazima sindano ifike huko ndipo ngozi ishtuke na kujenga upya. Huo ndio mtego wenyewe: fupi haifiki, ndefu haifai kushikwa na mtu aliyesimama mbele ya kioo cha bafuni. Isitoshe, sindano hizo huwa butu na kupinda baada ya kutumiwa, na iliyopinda huchana badala ya kutoboa. FDA ilipoanza kuruhusu kifaa cha sindano kiuzwe kwa ajili ya ngozi, mwaka 2018, kilikuwa cha makovu ya chunusi na cha kutumiwa na wataalamu. Mimi nasema rola isirudi nyumbani kwako, hata mpya.

Barakoa ya taa nyekundu, kinyume chake, ndiyo ninayoweza kuitetea, ingawa si kwa sauti kubwa kama ya wauzaji. Habari ya mwanga mwekundu na mwili ina umri. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Budapest, Endre Mester, aliwamulika panya walionyolewa kwa leza hafifu nyekundu na manyoya yao yakaota haraka kuliko ya wenzao. Miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na NASA, shirika la anga la Marekani, wakijaribu taa za LED kwa kuotesha mimea angani, wakaanza kuzichunguza pia kwenye vidonda. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga huo hunaswa na mitokondria, sehemu ya seli inayotengeneza nguvu, na seli ikipata nguvu hufanya kazi yake vizuri zaidi, ikiwemo kutengeneza kolajeni. Kuna majaribio kwa watu pia. Moja la Korea la mwaka 2007 lilihusisha watu 76 wenye makunyanzi, wakimulikwa nusu ya uso tu mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, kwa mwanga wa nanometa 633 na 830 (nanometa ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Upande uliomulikwa ulionekana kuwa laini zaidi. Lakini hizo zilikuwa taa za kliniki, zenye nguvu kuliko za barakoa nyingi za nyumbani, na mafanikio yake ni ya kiasi. Mistari myembamba inaweza kupungua. Mikunjo iliyochimba haitatoka.

Kwa hiyo hukutapeliwa kwa barakoa. Umeitumia vibaya tu, na umeichanganya na mengine hata huwezi kujua nini kimefanya nini. Ngozi ikishatulia kabisa, irudie peke yake. Tazama kwenye karatasi ya maelezo kama mwanga wake mwekundu uko karibu na nanometa 630 na ule wa infraredi karibu na 830. Ikiwa haijaandikwa popote, hilo nalo ni jibu. Osha uso, ukauke, usipake kitu, vaa kwa muda ulioelekezwa, ambao kwa kawaida ni kama dakika kumi, mara tatu hadi tano kwa wiki. Usizidishe. Seli hizi zina tabia ya ajabu: mwanga kidogo huziamsha, ukizidi faida hupungua tena, kwa hiyo yule anayelala na barakoa mpaka asubuhi hajapata zaidi yako, na huenda amepata pungufu. Funga macho au vaa vile vizibo vyake. Usishangae ukiona baadhi ya taa kama zimezima, kwa kuwa infraredi haionekani kwa jicho. Kamera ya simu mara nyingi huionyesha kama mng'ao hafifu wa zambarau.

Umeniambia kuna siku unaona kitu na kuna siku hapana. Hiyo ni kawaida ya kioo. Uso ulioamka umevimba, uso uliokosa maji, uso wa chini ya taa ya juu na uso wa mbele ya dirisha ni nyuso nne tofauti. Piga picha mara moja kwa mwezi, saa ileile, mahali palepale, uso umetulia bila kucheka na bila kipodozi. Jipe miezi mitatu. Usipoona tofauti kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, funga hesabu.

Kifaa cha umeme umekieleza mwenyewe kuliko nitakavyoweza: kinanyanyua, kesho kimeshusha. Umeme mdogo huchezesha misuli na kusukuma majimaji yaliyojikusanya chini ya ngozi, uso ukaonekana umechongeka kwa saa kadhaa. Hakuna ubaya ukiwa na picha za harusi jioni. Wauzaji hupenda kutaja utafiti wa mwaka 1982 uliokuta nguvu ya seli ikiongezeka karibu asilimia 500 kwa umeme wa namna hii, na utafiti huo upo kweli, ila ulifanywa kwenye vipande vya ngozi ya panya maabara. Kutoka hapo mpaka pembeni mwa jicho lako ni mbali. Ukikirudia baadaye, paka jeli yake ya kupitisha umeme ili kisikuchome wala kuvuta ngozi, na usikipitishe karibu na jicho lenyewe. Mwenye kifafa, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au mjamzito, asikiguse.

Tunafika kwa ya nne. Mawimbi ya redio hupasha ngozi joto kwa ndani, kolajeni ya zamani ikajikaza na mpya ikaanza kujengwa. Kliniki zinaitumia, na FDA iliruhusu mashine ya kwanza ya aina hiyo kwa mikunjo ya kuzunguka macho mwaka 2002. Mashine za nyumbani hupunguzwa nguvu makusudi ili watu wasijiunguze, na nguvu ikipungua na matokeo hupungua. Lakini hoja yangu kwako ni nyepesi kuliko hiyo. Uso wako una mabaka yaliyoletwa na uvimbe, halafu mtu anataka kuuongezea joto. Hapana. Usinunue sasa, na miezi sita ijayo ukiulizwa tena, muulize kwanza daktari wa ngozi aliyeyaona mashavu yako.

Kuhusu "imepitishwa na FDA", muombe wifi akuonyeshe ni kitu gani hasa kimeandikwa. Kiwanda kinaweza kusajiliwa tu, yaani jina lake limeingia kwenye daftari, na FDA yenyewe haitoi cheti cha usajili kwa vifaa vya tiba, kwa hiyo ukionyeshwa cheti kizuri chenye nembo, jiulize kimetoka wapi. Kifaa kinaweza kuruhusiwa kuuzwa kwa njia inayoitwa 510(k), maana yake kimefanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuwapo sokoni. Vifaa vingi halali vya uso vya nyumbani viko kwenye kundi hilo. Kuidhinishwa kamili, kwa ushahidi mzito wa majaribio, ni ngazi nyingine, na mashine za kupunguza mikunjo nyumbani si kawaida kuifikia. Muuzaji huchanganya ngazi hizo tatu katika neno moja, wakati mwingine bila yeye mwenyewe kujua.

Haya, sasa lile dirisha. Nimelisubiri tangu mwanzo. Umesema kushoto kumezidi kulia, ukasema pia unakaa dirishani. Dirisha liko upande gani wa meza yako? Nadhani najua. Mwaka 2012 jarida la tiba la New England lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake, iliyokuwa upande wa kioo cha gari, ilikuwa imekunjamana na kuning'inia kama ya mtu mzee zaidi kuliko nusu ya kulia. Mionzi ya jua inayounguza, UVB, huzuiliwa kwa kiasi kikubwa na kioo, ndiyo maana hauungui ukiwa ndani. UVA hupenya kioo cha kawaida, huingia mpaka kwenye tabaka la kolajeni na kuikatakata polepole bila wewe kuhisi. Umekuwa ukivaa barakoa ya kujenga kolajeni huku umekaa mahali panapoibomoa. Inawezekana pia unalalia ubavu wa kushoto, na hilo huchangia, lakini mimi dau langu naliweka dirishani.

Na hapana, krimu ya kukinga jua si ya watu weupe. Ni kweli weusi wetu ni kinga. Ilipopimwa, ngozi nyeusi ilionekana kuwa na kinga ya asili ya takriban SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua), na nyeupe kama 3 tu, ndiyo maana mikunjo yetu huchelewa. Kuchelewa ndiko huko, si kutofika. Tena kwako kuna sababu ya pili: mwanga wa jua utayafanya mabaka yako yazidi kukolea, ufanye utakalofanya usiku. Tafuta yenye SPF 30 au zaidi na iliyoandikwa kwamba inakinga UVA pia. Ukipata yenye rangi ni bora kwako, kwa kuwa rangi hiyo huwa ni oksidi ya chuma, nayo huzuia hata mwanga unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi huchochea mabaka. Zile nyeupe zinazotuacha na uso wa majivu nazichukia kama unavyozichukia. Jaribu mbili tatu mpaka upate inayokubaliana na rangi yako, maana krimu nzuri isiyopakwa haina faida.

Huko Australia, katika mji wa Nambour, watafiti waliwafuata watu 903 walio chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Kundi moja liliambiwa lipake krimu ya jua kila siku, jingine lipake likipenda. Mwishoni, waliopaka kila siku walikuwa na uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24, hata wale wa makamo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Katika yote niliyotaja humu, sina ushahidi ninaouamini zaidi kuliko huo, na kifaa chake hakina waya wala chaji.

Retinoli nayo si adui yako. Ndugu yake mwenye nguvu, tretinoini, aliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa mistari myembamba, na tafiti zake zimeshiba kuliko za mashine yoyote ya nyumbani. Mabaka yakishatulia unaweza kuirudia retinoli usiku mara mbili kwa wiki, kiasi kidogo sana, juu ya ngozi nzima isiyotobolewa na kitu. Usiitumie usiku uleule unaotumia kifaa. Na kwa miaka 46 bado mimba inawezekana, kwa hiyo ukikosa hedhi usidhani ni umri tu. Pima kwanza, na retinoli iweke pembeni mpaka upate jibu. Nimegusa hedhi kwa sababu nyingine pia: mwanamke akiikoma, kolajeni hushuka kwa karibu asilimia 30 katika miaka mitano ya mwanzo. Ukiona uso umebadilika ghafla wakati huo, usimpigie wifi kutafuta mashine ya tano.

Ile mistari inayotokea ukicheka na kufutika ukinyamaza ni ya misuli. Hakuna taa wala joto litakaloizuia misuli kufanya kazi yake. Huko ndiko watu huenda kwa daktari kuchomwa Botox, sindano ya kulegeza misuli, na wasiotaka huacha. Mimi niliacha, na sijutii.

Wifi. Usimwambie kwamba amekuuzia takataka, kwanza si kweli kwa vyote, pili yeye ndiye atakayekaa jikoni kwako msiba ukitokea. Nenda kwa daktari wa ngozi, kisha umwambie lililo kweli: "Wifi, daktari amenizuia mashine zote mpaka ngozi ipone, siwezi kuchukua nyingine." Hapo hakuna ubishi wa nani anajua zaidi. Akikusisitizia mkopo, mwambie masuala ya mikopo mnayaamua wawili, wewe na mdogo wake. Lakini ili useme hivyo bila kuyumba, lazima mumeo awe ameshasikia kutoka kwako, si kutoka kwa dada yake. Mwambie leo, kabla hujasikia utani wake wa kesho.

La rola, hata hivyo, usilifunike kwa adabu. Yeye anauza vitu hivi. Kama anawapa wateja rola alizokwisha kutumia, au anawaambia weusi unaotoka ni usafi wa ngozi, ipo siku mtu atakuja mlangoni na kesi. Mweke kando, mkiwa wawili tu, umwambie kama mdogo anayemtakia heri dada yake. Mwambie naye apime.

Nimemwacha binti mwisho kama ulivyomwacha wewe, lakini hilo uliloliita dogo ndilo la kushughulikia kabla hujalala. Mwanga wa buluu hutumika kwa chunusi kweli, kwa kuwa huua bakteria wanaozichochea. Lakini vidonge vingi vya chunusi, kama doksisaiklini, huifanya ngozi iathirike na mwanga kirahisi. Mwaka 2019 kampuni ya vipodozi ya Neutrogena iliiondoa sokoni barakoa yake ya taa za chunusi kwa tahadhari ya macho: ilihofiwa inaweza kuwadhuru watu wenye maradhi fulani ya macho, na wale wanaotumia dawa zinazoyafanya macho yaumizwe na mwanga haraka. Halafu kuna suala la rangi. Katika utafiti wa mwaka 2014, mwanga wa buluu-zambarau wa nanometa 415 uliacha weusi kwenye ngozi, na mwekundu wa 630 haukuacha, kwa hiyo akiwa na rangi yako anaweza kubadilisha chunusi kwa mabaka. Muulize kwa upole kama aliigusa na rola, kwa kuwa kuizungusha juu ya chunusi mbichi husambaza uchafu uso mzima, na kama aliigusa, mwende kupima pamoja. Kisha soma jina la vidonge kwenye pakiti, mpigie aliyemwandikia, na barakoa ifungie kabatini kwako mpaka akujibu.

Shangazi